Kulinganisha pikapu za gitaa la umeme bila kudanganywa na masikio

"Nifunge pikapu gani?" Swali hili la kile kinasa sauti kinachokaa chini ya nyuzi haliishi. Analileta mpiga solo wa bendi ya dansi ambaye gitaa lake linamezwa na kinanda. Analileta kijana wa kwaya aliyenunua Kariakoo nakala ya Stratocaster, lile gitaa la kampuni ya Fender. Analileta mtu aliyeko ughaibuni mwenye maduka yote ya mtandaoni mbele yake na hela ya seti moja tu. Karibu wote wamekwisha kutazama video za majaribio mpaka macho yakauma, na karibu wote wamechanganyikiwa kuliko walivyoanza.

Sitakuchagulia. Nitakuonyesha namna ya kuzilinganisha mwenyewe, kwa gitaa lako na mkono wako, ili ukitoa hela ujue unalipia nini. Ila nikuonye mapema: sehemu kubwa ya tofauti ambayo watu huapa kwamba wameisikia haitoki kwenye pikapu. Inatoka kwenye nyuzi mpya zilizofungwa siku ileile, kwenye pikapu iliyosogezwa milimita moja, kwenye sauti iliyo kubwa kidogo tu kuliko ya mwanzo, na kwenye kumbukumbu ya namna gitaa lilivyolia juma lililopita. Kazi yote iliyo hapa chini ni kuyaondoa hayo manne njiani.

Nadharia kidogo, halafu kazi

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa kwenye koili na kwenda kwenye amplifaya. Pikapu ya koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba, ule wa hezi 50. Hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo ujifute wenyewe. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliiombea hataza mwaka 1955 na ikatolewa 1959.

Kila pikapu ina eneo la sauti inalolipandisha kuliko mengine, na juu ya eneo hilo sauti hudondoka haraka. Ukiichomekea waya wa gitaa wa mita tano, pikapu ya kawaida ya Stratocaster huwa na kilele karibu na hezi 4,000. Hambaka ya mtindo wa zamani huwa karibu na 3,000. Hambaka nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya distoshoni inaweza kushuka mpaka 2,300 hivi. Kilele kikiwa juu gitaa linang'aa, kikiwa chini linanenepa katikati. Maneno mengi matamu yanayoandikwa kwenye maboksi ni jambo hilohilo limevalishwa nguo za sikukuu.

Utakavyohitaji

- Gitaa moja. Ukilinganisha pikapu mbili kwenye magitaa mawili, umelinganisha magitaa.
- Pikapu mbili au tatu za nafasi moja. Ya darajani ilinganishwe na ya darajani, ya shingoni na ya shingoni.
- Pakiti za nyuzi za kampuni moja na unene mmoja, pakiti moja kwa kila pikapu.
- Waya mmoja wa gitaa, huohuo mwanzo hadi mwisho. Kila mita ya waya huongeza takriban pikofaradi 100, na hizo zinatosha kushusha kile kilele nilichokitaja. Anayejaribu pikapu moja kwa waya wa mita tatu na nyingine kwa waya wa mita sita anazisikia nyaya zake.
- Kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, chenye tundu la gitaa. Tundu hilo huandikwa Hi-Z au Inst, na mengine yamechorwa picha ya gitaa.
- Programu ya kurekodi. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.
- Multimita, hata ile ya bei ndogo kabisa ya mafundi umeme.
- Chuma cha kulehemu cha wati 40 hivi, risasi nyembamba yenye flaksi ndani, na konekta chache za plastiki za kufungia nyaya kwa skrubu.
- Rula ya milimita, plektra moja, daftari, na mtu wa pili atakayekusaidia dakika chache mwishoni.

Kama huna kifaa cha kuingizia sauti, weka simu mbele ya amplifaya, ifunge isitikisike, pima umbali na uuandike. Matokeo yatakuwa hafifu zaidi kwa sababu simu nyingi hujipunguzia na kujiongezea sauti zenyewe, lakini ni afadhali kuliko kukumbuka.

Hatua ya 1: Irekebishe kwanza pikapu uliyonayo

Kabla ya kutoa hata shilingi, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima nafasi iliyopo kati ya chini ya uzi na kichwa cha pikapu. Fanya hivyohivyo kwa uzi wa kwanza. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, Fender hupendekeza kuanzia takriban milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande wa nyuzi nyembamba. Kwa hambaka, Gibson hupendekeza takriban milimita 2.4 shingoni na 1.6 darajani.

Hizo ni namba za kuanzia. Shusha pikapu nusu zungusho la skrubu, piga, sikiliza, shusha tena. Ukiishusha sauti hupungua lakini mara nyingi hufunguka. Ukiipandisha hupata nguvu, kisha inafika mahali sumaku inaanza kuuvuta uzi: noti za juu kwenye nyuzi nene zinayumba, na gitaa linaonekana halishiki tuni hata ukilituni mara kumi. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani pikapu ikiwa juu mno au chini mno. Wako watakaosoma hatua hii, wakazungusha skrubu mbili, na safari yao ikaishia hapo. Sioni ubaya.

Hatua ya 2: Soma namba, usizinunue

Namba ambayo wauzaji huipenda kuliko zote ni ukinzani wa koili, unaopimwa kwa kilo-omu. Pikapu ya Stratocaster ya kawaida huwa kati ya 5.5 na 6.5. Hambaka ya darajani ya kampuni ya Seymour Duncan iitwayo '59 ni karibu 8. Seymour Duncan JB ni zaidi ya 16. Mgeni akiona hivyo husema JB ina nguvu mara mbili. Haina. Imesukwa kwa waya mwembamba zaidi, na waya mwembamba una ukinzani mkubwa kwa urefu uleule. Ni pikapu yenye nguvu, ndiyo, ila ile namba haikuambii ni kwa kiasi gani.

Namba hiyo inafaa kwa mambo mawili tu: kulinganisha pikapu za aina moja zilizosukwa kwa waya mmoja, na kujua kama pikapu imekufa. Tena inategemea joto. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo pikapu iliyopimwa 8.0 chumbani kwenye digrii 20 itasoma karibu 8.3 Mombasa mchana wa digrii 30. Usiirudishe dukani kwa sababu hiyo. Na ukipimia kwenye tundu la gitaa bila kuitoa pikapu, potensiomita ya sauti (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha) itaishusha namba kidogo. Pikapu ya 8.0 yenye potensiomita ya kilo-omu 500 itasoma karibu 7.9.

Ukipata nafasi, ipindue pikapu uitazame mgongoni. Ukikuta kipande kirefu cha sumaku kimegandishwa chini, zile nguzo sita za juu ni vyuma tu na sumaku yenyewe aghalabu ni ya seramiki. Ndivyo zilivyo pikapu nyingi za koili moja za bei nafuu. Usipokikuta, basi nguzo zenyewe ndizo sumaku, kwa kawaida za alniko, yaani mchanganyiko wa metali. Kwa koili moja, mabadiliko kutoka aina ya kwanza kwenda ya pili husikika kuliko kubadilisha alniko ya kampuni hii kwa alniko ya kampuni ile.

Hatua ya 3: Hakikisha itaingia

Pima kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi katikati ya ya sita. Hambaka za kipimo cha Gibson ni milimita 49 au 50 hivi, na zile za magitaa yenye daraja la mtindo wa Fender ni 51 hadi 53. Tofauti ndogo haiui sauti, lakini nyuzi za pembeni zikitoka nje ya nguzo utaudhika kila ukitazama. Pima pia kina cha shimo.

Potensiomita nazo zina sauti. Koili moja kwa desturi hufungwa na za kilo-omu 250, hambaka na za 500. Ukitia hambaka kwenye gitaa la 250 itafifia juu, kisha utailaumu pikapu bure. Pikapu zinazotumia betri ya volti 9, kama EMG, zinataka potensiomita zake za kilo-omu 25. Usizichanganye na za kawaida kwenye jaribio hili.

Hatua ya 4: Chagua utakachopiga

Hapa ndipo wengi wanapotea. Video nyingi za majaribio zinapigwa kwa distoshoni ya roki, noti nene za chini, amplifaya imefunguliwa. Wewe unapiga sebene kwa sauti safi juu ya freti ya 12, nyuzi mbili kwa pamoja, na mwangwi kidogo. Pikapu inayosifiwa kule kwa kuwa na kifua inaweza kukuua hapa, maana sebene inaishi kwenye mwanzo wa noti, ule mgongano wa plektra na uzi unaofanya noti zitengane hata zikikimbia. Mpiga benga ana shida hiyohiyo. Mpiga ridhimu anataka kingine: kodi zisikike zote bila kuikanyaga besi. Na mpiga mi-solo, gitaa la kati ya solo na ridhimu, anataka kukaa katikati yao bila kugombana na yeyote.

Andaa vipande vitano vifupi, visivyozidi nusu dakika kila kimoja:

- Kodi za wazi, zikipigwa taratibu na kuachwa zife zenyewe.
- Ridhimu iliyobanwa kwa kiganja.
- Mstari wa sebene au solo unaoujua vizuri, juu ya freti ya 12.
- Noti moja moja kwenye uzi wa tano na wa sita.
- Noti moja ndefu yenye distoshoni, kama huwa unaitumia.

Viandike daftarini na uviweke kwenye mwendo mmoja wa metronomu. Usichague kitu kigumu. Ukihangaika na vidole hutasikiliza pikapu.

Hatua ya 5: Rekodi pikapu ya zamani kabla hujafungua skrubu hata moja

Funga nyuzi mpya, zipigwe kidogo zitulie, tuni. Fungua sauti na toni mpaka mwisho. Chomeka moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia bila pedali, bila kifaa cha kutuma sauti bila waya. Weka kiwango cha kuingilia ili kodi uliyoipiga kwa nguvu zako zote ifike karibu na desibeli 15 chini ya kikomo. Utaona ni ndogo. Iache hivyohivyo, kwa sababu pikapu ijayo inaweza kuwa na nguvu zaidi. Baada ya hapo usikiguse kitufe cha kiwango hicho mpaka jaribio liishe. Kipige picha.

Rekodi kila kipande mara tatu. Hizo rudufu si za kuchagua iliyo bora, zina kazi nyingine nitakayoieleza kwenye hatua ya 9.

Hatua ya 6: Fungua, badilisha

Piga picha ya nyaya zote kabla ya kugusa kitu. Kwenye magitaa ya mtindo wa Stratocaster itakubidi utoe nyuzi na bamba zima la plastiki. Funika mbao kwa kadibodi, maana risasi ya moto ikidondoka kwenye rangi haitoki.

Usilehemu na kulehemua kila pikapu moja kwa moja kwenye potensiomita. Lehemu vipande vifupi vya waya mara moja tu, kisha pikapu zipokezane kwenye konekta ya skrubu. Gitaa litapona na wewe utapona. Pikapu itakayoshinda ndiyo utakayoilehemu kikamilifu.

Maonyo matatu ya hatua hii:

Rangi za nyaya si lugha moja. Kwa hambaka za Seymour Duncan zenye nyaya nne, nyeusi ndiyo ya moto (inayobeba sauti), nyeupe na nyekundu hufungwa pamoja, kijani huenda chini (upande wa kurudishia umeme) pamoja na ule waya usio na ganda. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo ya moto, nyeusi na nyeupe hufungwa pamoja, kijani huenda chini na waya usio na ganda. Fuata mchoro wa kampuni husika, si wa rafiki yako.

Bisibisi hurukia sumaku. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele, na ncha ya bisibisi ikiupitia mara moja, pikapu imekwisha. Funika koili kwa kadibodi unapofanya kazi karibu nayo.

Usishikilie moto sekunde nyingi mgongoni mwa potensiomita. Kwaruza kwanza sehemu utakayolehemu ili risasi ishike haraka. Kama haishiki, chuma chako hakina joto la kutosha, na kuzidisha muda kutaiunguza potensiomita kabla risasi haijashika.

Hatua ya 7: Rekodi pikapu mpya, mara mbili

Nyuzi mpya za aina ileile, zipigwe kwa muda uleule. Kisha kuna ubishi wa haki: je, pikapu zote ziwe na umbali mmoja kutoka kwenye nyuzi, au kila moja iwekwe inapopendeza? Mimi nasema zote mbili. Rekodi kwanza kwa milimita zilezile za pikapu ya zamani. Halafu irekebishe kama ulivyofanya kwenye hatua ya 1 mpaka uridhike, andika kipimo, rekodi tena. Seti ya kwanza inakuonyesha tofauti ya vifaa. Ya pili ndiyo utakayoishi nayo.

Kaa kiti kilekile, shika plektra ileile, piga mahali palepale kati ya daraja na shingo. Ukisogeza mkono sentimita tatu kuelekea darajani, umebadilisha sauti kuliko pikapu nyingi zinavyoweza.

Hatua ya 8: Sawazisha ukubwa wa sauti

Kama utaruka hatua zote, usiruke hii. Kati ya sauti mbili zinazofanana, sikio huipenda iliyo kubwa kidogo, na haliiti "kubwa". Linaiita nene, yenye uhai, iliyo wazi. Tofauti ya desibeli moja inatosha kukuibia hela.

Kwenye Audacity, chagua rekodi, ingia kwenye kusawazisha ukubwa wa sauti unaosikika, na uziweke zote kwenye LUFS −23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa huo). Fanya hivyo kwa kila kipande peke yake. Usitumie ile njia ya kusawazisha vilele pekee, kwa sababu pikapu yenye mgongano mkali wa plektra itaonekana kubwa kwenye kilele wakati mwili wake ni mdogo.

Sasa jaribio lenye faida kuliko yote, na ambalo karibu hakuna anayelifanya. Kama unatumia distoshoni au amplifaya ya kwenye kompyuta, lifanye kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: pitisha rekodi ghafi, jinsi zilivyo, kwenye amplifaya ileile yenye mipangilio ileile, halafu sawazisha ukubwa mwishoni. Hapa pikapu yenye nguvu itaisukuma amplifaya zaidi, na utasikia ukali wake.

Njia ya pili: sawazisha rekodi ghafi kwanza, ndipo uzipitishe kwenye amplifaya, kisha sawazisha tena mwishoni.

Kama tofauti uliyoipenda ilikuwepo kwenye njia ya kwanza na ikatoweka kwenye ya pili, ulichokipenda ni nguvu tu. Nguvu unaweza kuipata kwa pedali rahisi ya kuongeza sauti, unaiwasha ukitaka na kuizima ukitaka, na gitaa lako linabaki salama. Kama tofauti imebaki kwenye njia zote mbili, hiyo ni rangi ya pikapu, na pedali ya kuongeza sauti haitakupa. Hapo hela yako ina kazi.

Hatua ya 9: Sikiliza bila kujua

Anza na zile rudufu. Sikiliza mara ya kwanza na ya pili ya pikapu moja. Kama unasikia "tofauti kubwa" kati yake, huo ni mkono wako. Tofauti yoyote kati ya pikapu mbili isiyozidi hiyo, iache.

Kisha mpe mtu wa pili mafaili ayape majina A na B bila wewe kuona, na ayacheze kwa kubahatisha, kwa kurusha sarafu. Wewe taja tu ni ipi. Mzunguko wa mara kumi unatosha. Mtu anayekisia anaweza kupata tano au sita, hata saba, bila kusikia chochote. Kupata tisa au kumi kwa bahati hutokea karibu mara moja katika mia. Ukipata sita, huwezi kuzitofautisha kwa uhakika, haidhuru moja ina jina kubwa kiasi gani.

Tumia visikizi vya masikioni au spika zilezile, na pumzika. Baada ya dakika 20 za kusikiliza kodi moja, sikio linakubali kila kitu.

Hatua ya 10: Itie ndani ya muziki

Pikapu inayopendeza peke yake chumbani si lazima ifae jukwaani. Chukua rekodi ya bendi yako bila gitaa lako, au hata ngoma na besi tu, weka vipande vyako juu yake na usikilize kwa sauti ndogo. Kwa solo, uliza kama noti zinatengana. Kwa ridhimu, uliza kama besi imebaki na nafasi yake. Mara nyingi ile pikapu nene uliyoipenda hatua ya 9 hugombana na kinanda, na ile uliyoiona nyembamba inapita katikati bila kumkanyaga mtu. Kati ya majibu ya hatua ya 9 na ya hatua ya 10, mimi hufuata ya 10.

Mambo yakienda mrama

*Hakuna sauti kabisa.* Weka multimita kwenye tundu la gitaa, sauti ikiwa imefunguliwa. Ikisoma sifuri, ya moto inagusa ya chini mahali fulani. Ikisoma mamia ya kilo-omu, unasoma potensiomita tu na pikapu haijaunganishwa au koili imekatika. Ikisoma namba ya kawaida, pikapu ni nzima, tafuta kwenye swichi na waya wa nje.

*Hambaka inasikika ndogo na inavuma.* Zile nyaya mbili za kati zimeenda chini, kwa hiyo koili moja ndiyo inayofanya kazi. Zifunge zenyewe kwa zenyewe, zizungushie tepu, zisiguse kingine.

*Kila pikapu peke yake ni nzuri, zikiwashwa mbili sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ndogo.* Zinapingana. Geuza ya moto na ya chini kwenye moja kati ya hizo mbili. Kwa hambaka ya nyaya nne badilisha waya wa moto na ule wa mwisho wa koili, na uache waya usio na ganda ubaki chini. Kwa pikapu yenye kofia ya chuma iliyounganishwa na waya wa chini, usigeuze tu: kofia itakuwa ya moto na itavuma kila ukiigusa. Mpelekee fundi auhamishe ule muunganisho.

*Mvumo unapungua ukishika nyuzi.* Hiyo ni kawaida. Ukiongezeka unaposhika nyuzi, umegeuza nyaya za moto na za chini, mara nyingi kwenye tundu la gitaa.

*Unapigwa na umeme mdomoni ukigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi.* Simamisha kila kitu. Hilo halihusiani na pikapu. Amplifaya au mfumo wa sauti hauna ethi (waya wa kwenda ardhini) nzuri, na jambo hilo linaua. Fundi umeme kwanza.

*Inapiga kelele ya juu ukifungua sauti, hata hujapiga noti.* Koili au kofia inatikisika. Pikapu nyingi huzamishwa kwenye nta kuzuia hilo, na iliyokosa nta inaweza kutiwa, lakini nta ikizidi joto koili inaharibika. Hii ni kazi ya kumpa anayeijua.

*Uzi wa tatu unapiga kelele kuliko wenzake.* Kwenye pikapu za mtindo wa zamani nguzo ya uzi wa tatu imeinuliwa, kwa sababu zamani uzi huo ulikuwa wa kusokotwa. Kwa nyuzi za leo inazidi. Shusha pikapu kidogo upande huo, au nunua yenye nguzo bapa. Usizigonge nguzo za sumaku za koili moja ili zishuke, maana waya umezungushwa juu yake na utakatika.

*Rekodi zote zinafanana, tena zimefifia.* Huenda umechomeka kwenye tundu la kinanda au maikrofoni badala ya lile la gitaa. Tundu lisilofaa hula sauti za juu za kila pikapu, na zote zinaishia kulia sawa. Badilisha tundu, rudia kuanzia hatua ya 5.